Kamera Wanazo, wa Kutazama Nao Hawana



Leo naanza kwa kukiri kosa. Sisi watangazaji tumezoea kuwasema wengine. Mara halmashauri imechelewa kuzoa taka, mara makondakta wa daladala wanawafukuza wanafunzi, mara daktari hakuwepo kituoni. Ni nadra sana kumsikia mtangazaji akijisema mwenyewe. Leo nitajisema, kwa sababu kosa lenyewe nadhani si langu peke yangu. Ni la wengi wetu tunaokula kwa kazi ya sauti na picha, na tusipolitaja litaendelea kuwaumiza vijana.

Mwishoni mwa mwaka 2023 binti mmoja wa Jangwani, hapa hapa Dar es Salaam, alinisubiri nje ya lango la studio. Umri wake ulikuwa kama miaka 22. Aliishia kidato cha nne, na asubuhi humsaidia mama yake kuuza chapati na maharage. Akanipa shikamoo, nikaitika. Akatoa simu yake na kusema, "Dada, mimi nakusikia redioni tangu niko shule. Nimekuwa nawapiga picha za video majirani zangu wa bondeni, wale wanaohama kupisha mradi. Nataka iwe filamu. Lakini sijui kama ninachofanya ndicho."

Wasikilizaji wa mikoani pengine hawalijui Bonde la Msimbazi. Ni bonde linalokatiza katikati ya jiji, na mvua kubwa zikinyesha maji huingia majumbani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuacha wengi bila makazi, na serikali ikawagawia waathirika viwanja Mabwepande. Wengine walihama, wengine walirudi, kwa sababu riziki yao ilikuwa mjini. Mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba nyingi ziliwekwa alama ya X nyekundu na kubomolewa. Miaka ya karibuni ukaja mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde, na safari ya kuhama ikaanza upya. Sasa wewe fikiri: ni watu wangapi wamelizungumzia bonde hilo? Wahandisi wamezungumza, mawaziri wamezungumza, sisi waandishi tumezungumza. Binti yule alikuwa wa kwanza kuniijia akiwa mkazi wa bondeni mwenye kamera mkononi.

Nikamwambia, "Njoo wiki ijayo, mdogo wangu, tukae tuangalie."

Wiki ijayo nilikuwa na kikao. Wiki iliyofuata nilikuwa safarini Dodoma. Kisha ikaja Krismasi, ikaja ada ya shule za watoto, yakaja mambo yale mnayoyajua. Hakuchoka. Kila mara alituma ujumbe wa heshima, na kila mara nilimjibu kwa heshima, na hatukukaa. Ilipita miezi minne.

Siku tulipokaa, kwenye benchi la mgahawa karibu na kazini, niliona kitu ambacho sikukitegemea. Binti ana jicho. Aliwapiga picha akina mama wakifungua mabati ya nyumba zao wenyewe, polepole, msumari mmoja mmoja, ili mabati yasitoboke zaidi. Hakuna mpiga picha wa gazeti ambaye angekaa hapo nusu saa nzima kutazama misumari. Lakini katika mazungumzo yetu ya kwanza alinieleza habari za mzee mmoja fundi viatu, aliyesimulia jinsi alivyovuka maji ya mwaka 2011 huku cherehani yake ya ngozi iko kichwani. Nikamwuliza, "Yule mzee yuko wapi?"

Akainamisha kichwa. Simu ilikuwa imejaa. Memori kadi ilikuwa moja tu. Siku ya kubomoa ilipofika alitaka nafasi ya kurekodi, akafuta ya nyuma ili aipate ya mbele. Alidhani angemrudia mzee baadaye. Mzee alihamia kwa mwanawe, na mwezi wa pili habari zikaja kwamba amefariki.

Ndugu zangu, kadi ya pili ya simu pale Kariakoo huuzwa kwa bei isiyozidi ya kuku mmoja. Kumwambia binti yule "usifute kitu, nunua kadi nyingine, kila ulichorekodi kiweke mahali pawili" ni maneno ya dakika moja. Dakika hiyo nilikuwa nayo kwa miezi minne, na sikuitoa.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri juu ya jambo ninalotaka tulizungumze leo, nalo ni malezi ya kazi kwa vijana wanaotaka kutengeneza filamu za makala, yaani zile filamu za mambo ya kweli na watu wa kweli. Nasema hasa wale ambao hawana mjomba katika kituo cha televisheni: wasichana wa uswahilini, vijana wa vijijini, viziwi, wenye ulemavu, wafugaji, watoto wa wavuvi. Zamani tulisema hawana vifaa. Siku hizi kamera imo katika simu ya karibu kila kijana wa mjini. Kinachokosekana ni mtu mzima wa kazi hiyo atakayekaa naye, watazame pamoja alichokipata, na kumwuliza maswali.

Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari, na sitaki mtu aseme ninadharau vyuo. Chuoni nilijifunza sheria ya kashfa, nikajifunza kuandika habari kwa kuanza na lililo kubwa. Lakini kusikiliza nilifundishwa na mzee mmoja fundi mitambo, mwaka 2004, nilipoanza kazi. Nilikuta mashine za ukanda mkubwa zinaelekea kustaafu pamoja naye. Alikuwa akikata ukanda kwa wembe na kuuunganisha kwa gundi kama fundi cherehani. Kila nilipoleta mahojiano aliniambia, "Kaa." Tukasikiliza yote, mwanzo hadi mwisho, yeye kimya, mimi natoka jasho. Mwisho aliuliza swali moja tu. Siku moja aliuliza, "Kwa nini ulimkatiza mama huyu?" Nikasema alikuwa amenyamaza. Akasema, "Alinyamaza kwa sababu alikuwa anakaribia kusema." Sikulisahau neno hilo hadi leo. Mzee yule hakulipwa hata senti kwa kunifundisha. Mimi nililipwa mshahara, nikaja kumwambia binti wa Jangwani njoo wiki ijayo.

Pengine mtu atauliza, hizi filamu za makala zina faida gani, watu wanataka filamu za mapenzi na mieleka? Nitamjibu kwa mfano wa nyumbani. Mwaka 1992 Mtanzania mwenzetu, Flora M'mbugu-Schelling, alitoa filamu ya dakika 45 inayojulikana kwa jina la These Hands, maana yake Mikono Hii. Aliipiga Kunduchi, kwenye machimbo ya mawe, pembezoni mwa jiji hili. Inawaonyesha wanawake, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji, wakiponda mawe kwa nyundo ili yawe kokoto. Hakuna sauti ya msimulizi wa kutueleza tufikiri nini. Unaona mikono, unasikia nyundo, unasikia wanawake wakiimba, unaona mtoto amelazwa kando ya lundo la kokoto. Ukimaliza kuitazama, huwezi tena kupita kwenye nyumba ya zege bila kujiuliza nani aliponda kokoto zake. Filamu hiyo imetazamwa na kufundishwa katika vyuo vya ng'ambo. Nawauliza wasikilizaji wangu wa Kunduchi, wangapi kati yenu mmeiona?

Kwa kuwa tumeitaja Msumbiji, twende huko kidogo, maana ndiko kuna fundisho kubwa la mazungumzo ya leo.

Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975. Mwaka 1978 viongozi wa nchi hiyo changa waliwaalika watengenezaji filamu mashuhuri waje kupiga picha za mabadiliko yaliyokuwa yakitokea. Mmoja wao alikuwa Mfaransa, Jean Rouch. Huyu alikuwa amepiga filamu nyingi Afrika Magharibi, hasa Niger, na alikuwa amekwishasemwa sana. Mwaka 1965 mwandishi na mtengenezaji filamu wa Senegali, Ousmane Sembène, alimwambia ana kwa ana kwamba anawatazama Waafrika kana kwamba ni wadudu. Neno zito hilo. Basi kule Msumbiji Rouch alipendekeza jambo jingine: badala ya wageni kuja kupiga picha, wafundishwe vijana wa Msumbiji wajipigie wenyewe. Yeye na mwenzake Jacques d'Arthuys wakaendesha mafunzo kwa kamera ndogo za ukanda wa Super 8. Vijana hawakupewa vitabu vya nadharia kwanza. Walipewa kamera, wakatoka, wakapiga, wakarudi, wakatazama pamoja na kukosoana. Mwaka 1981 utaratibu huo ukazaa shule huko Paris iitwayo Ateliers Varan, ambayo imepeleka mafunzo ya namna hiyo katika nchi nyingi za dunia.

Lakini tusimsifu Rouch tu tukawasahau waliojifunza. Safi Faye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Dakar alipokutana na Rouch mwaka 1966. Akaigiza katika filamu yake mojawapo, kisha akaenda kusoma. Mwaka 1975 akatoa filamu yake mwenyewe, Kaddu Beykat, kuhusu wakulima wa kijijini kwao na taabu za zao la karanga. Hapo aliingia katika historia kama mwanamke wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kutengeneza filamu ndefu iliyouzwa katika majumba ya sinema. Amefariki Februari 2023. Angalieni alivyofanya: alipata mlango kwa mtu mwingine, lakini alipoingia ndani hakukaa kwenye kiti cha mwenye nyumba. Alirudi kijijini kwa wazazi wake, akasema yao.

Mfano wa pili ni wa India. Katika mji wa Ahmedabad kuna chama cha wanawake wanaojiajiri, kiitwacho SEWA, kilichoanzishwa mwaka 1972 na mwanasheria Ela Bhatt. Wanachama wake ni wauza mboga, wabeba mizigo, washonaji wa majumbani, watu kama mama zetu wa Tandika na Mabibo. Mwaka 1984 Mmarekani aitwaye Martha Stuart aliendesha mafunzo ya video kwa kundi la wanachama hao, na miongoni mwao walikuwamo wasiojua kusoma wala kuandika. Mmoja wa waliojifunza alikuwa Leelaben Datania, muuza mboga wa soko la Manek Chowk. Akawa mpiga picha na mtengenezaji wa vipindi. Wauza mboga wa soko hilo walikuwa wakisumbuliwa na kufukuzwa na askari, na sasa habari zao zikapigwa picha na mmoja wao. Kamera haimwulizi mtu cheti cha darasa la saba. Inauliza umesimama wapi, na Leelaben alikuwa amesimama nyuma ya meza ya mboga maisha yake yote.

Turudi Afrika Mashariki. Majirani zetu wa Nairobi wametutangulia, na si aibu kujifunza kwa jirani. Mtengenezaji filamu Judy Kibinge alianzisha Docubox, mfuko wa kusaidia filamu za makala za Afrika Mashariki. Fedha ni sehemu tu ya msaada wake. Mfuko huo pia huwakutanisha watengenezaji, huwapa mafunzo na walezi wa kuwatazamia kazi, na huonyesha filamu kwa watu. Moja ya kazi zilizopitia mikono hiyo ni Softie, ya Sam Soko, inayomfuata mwanaharakati Boniface Mwangi na familia yake mpaka alipogombea ubunge mwaka 2017. Mwaka 2020 filamu hiyo ilipata tuzo maalumu ya majaji katika tamasha la Sundance huko Marekani. Na tuzo ilikuwa ya nini? Ilikuwa ya uhariri, yaani kazi ya kukaa na picha za miaka kadhaa, kuzitazama tena na tena, na kuamua lipi libaki na lipi liondoke. Hiyo ni kazi ambayo hakuna anayeifanya vizuri akiwa peke yake chumbani.

Na kuna The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King, iliyotoka mwaka 2019. Hiyo ni ya Pwani ya Kenya, na ndani yake mnasikika Kiswahili na Kigiriama. Kijana anayeishi Mombasa anapata habari kwamba bibi yake kijijini anatuhumiwa uchawi, anarudi kwao kuona kuna nini, na nyuma ya uchawi unaanza kuliona suala la ardhi. Kenya iliipeleka filamu hiyo kuiwakilisha katika mashindano ya Oscar. Nasi tunayo historia ya vikongwe kuuawa kwa macho mekundu. Filamu yetu juu ya bibi zetu, iliyopigwa na mjukuu wao mwenyewe, iko wapi?

Sasa, wasikilizaji, nieleze malezi ninayoyasema ni yapi, maana neno hili linaweza kupotoshwa. Wako watu wakisikia "kulea vipaji" wanapata vijana wa kuwabebea mizigo na kuwachotea maji.

Kwanza, mlezi hutazama kabla ya kusema. Hutazama kazi yote, hata kama picha inatikisika. Akisha kutazama, huuliza: ulitaka tuone nini hapa? Kwa nini ulisimama mbali? Ulipomaliza kuuliza swali, ulinyamaza kwa muda gani?

Pili, humpa mwanafunzi mambo madogo ya kazi yanayookoa kubwa. Shika kamera imara hesabu mpaka 10 kabla ya kuihamisha. Usimweke mtu jua likiwa nyuma yake. Sikiliza feni, jenereta na pikipiki kabla ya kuanza mahojiano, kwa sababu mtazamaji husamehe picha mbaya lakini hasamehi sauti mbaya. Rekodi kimya cha chumba. Hifadhi mahali pawili. Mambo haya yanajulikana na kila fundi wa studio katika nchi hii, lakini yamefungiwa vichwani mwetu kama siri ya mganga.

Tatu, humfundisha heshima ya yule anayepigwa picha. Mwambie mtu filamu itaonyeshwa wapi. Mwulize, na umkubalie akikataa. Anayelia, si lazima umsogelee. Na filamu ikikamilika, waliomo ndani waione mapema, kabla ya watu wa tamasha. Hapa vijana wa mtaani wana faida kubwa kuliko sisi tunaofika na gari la kituo: wakikosea, kesho yake watakutana na jirani bombani.

Nne, humlinda asidhulumiwe. Kijana mmoja ninayemfahamu aliwapeleka wageni wa kampuni moja kutoka nje katika mitaa ya kwao, akawapa na picha alizokuwa amezipiga kwa miezi. Alipewa nauli na chakula cha mchana. Filamu ilipotoka, picha zake zilikuwamo, jina lake halikuwamo. Hakuwa na karatasi hata moja. Mlezi angemwambia: kabla hujatoa, andika. Angemwambia pia kwamba Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali, na angemsindikiza Bodi ya Filamu kuuliza utaratibu, ili asije akakamatwa barabarani akidhani simu haihesabiwi kuwa kamera.

Na tano, mlezi hujua kuondoka. Kazi si yake. Kosa la Rouch ambalo Sembène alilisema linaweza kufanywa na Mswahili pia. Mtu wa Masaki anaweza kumtazama mtu wa Tandale kama mdudu, kwa Kiswahili sanifu kabisa.

Baada ya aibu yangu ya mwaka 2024, niliwaomba wenzangu wawili, mmoja mpiga picha wa televisheni na mmoja fundi wa sauti, tukaanza kukutana na vijana Jumamosi asubuhi. Hatuna ofisi wala mfadhili. Mwenye banda umiza mmoja wa Magomeni, pale watu wanapolipia kutazama mpira, hutuachia banda na televisheni yake mpaka saa 6 mchana, kabla wateja hawajaanza kuingia. Tunakaa kwenye mabenchi yale yale ya Simba na Yanga. Idadi yetu huwa kati ya 7 na 12. Kanuni ni mbili tu: kila mmoja alete alichokipiga wiki hiyo, hata dakika moja, na hakuna kucheka kazi ya mtu kabla hujaonyesha ya kwako.

Wamo akina nani? Yumo binti wa Jangwani. Yumo mama wa makamo anayerekodi habari za wapangaji wa nyumba moja yenye vyumba 9 na choo kimoja. Yumo kijana wa Kimaasai mlinzi wa usiku, anayepiga picha za usiku wa mlinzi: redio ndogo, moto wa mkaa, mbwa wa tajiri anayekula vizuri kuliko yeye. Na yumo kijana kiziwi, fundi wa kushona. Huyu ametufundisha sisi waalimu. Siku ya kwanza tulipomwonyesha kazi ya mwenzake, aliandika kwenye karatasi: "Mdomo unazungumza, picha haisemi kitu." Tulipozima sauti na kutazama tena, tuliona anasema kweli. Tangu hapo kila kazi tunaitazama mara mbili, mara moja bila sauti. Rafiki yake anayejua lugha ya alama huja kututafsiria, na akikosa kuja tunaandikiana. Hayo ni mafunzo ambayo nisingeyapata chuoni hata ningesoma miaka kumi.

Je, tumepata mafanikio? Nisiwadanganye. Wengine wameacha, kwa sababu Jumamosi ni siku ya biashara. Mlinzi husinzia, ametoka lindo. Kompyuta ya kuhariri ni moja na huzima yenyewe. Binti wa Jangwani alikaa wiki nyingi hajui afanye nini na pengo la mzee fundi viatu. Hatimaye alipata njia yake mwenyewe. Aliwatafuta majirani walioisikia hadithi ya cherehani ya ngozi, mmoja Mabwepande, mmoja Kigogo, mmoja bado anauza samaki Feri. Kila mmoja alisimulia kipande anachokikumbuka, akiwa ameshika kiatu alichoshonewa na mzee. Mmoja anasema mzee alivuka usiku, mwingine anasema ilikuwa alfajiri. Mmoja anasema aliimba, mwingine anasema alitukana. Binti aliviacha vyote.

Tulipoionyesha bandani, dakika 14, watu wa bondeni walijaa mpaka nje. Binti alimwalika mtoto wa marehemu, mama mtu mzima, akaja. Watu walicheka, wakanyamaza, wakapiga makofi. Yeye alikaa mpaka taa zikawashwa, kisha akasema taratibu, "Mmefanya vizuri, wanangu. Lakini sauti ya baba haimo."

Hakuna aliyejibu. Binti alinitazama, nami nikatazama chini, kwa sababu yeye alikuwa amekwisha kunisamehe na mimi bado.

Ndugu wasikilizaji, ombi langu leo ni dogo. Hatuhitaji kungoja wizara wala wafadhili ili tuanze. Ukiwa mpiga picha wa harusi, mhariri wa kituo, fundi wa sauti wa kanisani au msikitini, mwalimu wa chuo, mstaafu wa sinema za serikali, mtafute kijana mmoja asiye na mjomba, umpe saa moja kwa wiki. Mwenye ukumbi, atoe ukumbi asubuhi. Waandaaji wa matamasha, nikitaja lile la Zanzibar linalofanyika tangu 1998, waendelee kupanua nafasi kwa kazi hizi za simu na za mitaani. Na wewe kijana, ukigongea mlango wa mkubwa akakwambia njoo wiki ijayo, usifute kitu. Nunua kadi ya pili, kisha ugonge mlango mwingine.

Wazee wetu wanaondoka kila siku, kila mmoja na cherehani yake kichwani. Wanaoweza kuwarekodi wanaishi nao nyumba moja. Tusiwaambie wangoje mpaka sisi tupate nafasi.